Mimea ya Takia: Haifi kwa Baridi, Hufa kwa Wema

Katika ukurasa huu wa bustani tumezoea kusema juu ya mimea ya kula: muhogo, maharagwe, migomba na mboga. Leo twataka kusema juu ya mimea isiyoliwa, tena midogo sana, hata mtu aweza kuikanyaga asijue. Huota juu ya milima mirefu ya Ulaya, nasi twaitaja kwa sababu moja. Watu waliojaribu kuitunza katika bustani zao wamejifunza jambo limfaalo kila mwenye kutunza kitu, awe mkulima, awe mwalimu, awe baba au mama wa watoto. Jambo lenyewe ni hili: mimea mingi iliyokufa mikononi mwao haikufa kwa kukosa, bali kwa kupewa kupita kiasi.

Kwanza yatupasa kuieleza mimea hiyo na kwao. Katika milima ya Alpi, iliyoenea Ufaransa, Italia, Uswisi na Austria, mtu akipanda juu huona miti ikipungua, hata mnamo mita 2,000 au zaidi kidogo miti yakoma kabisa. Kisha yapo majani mafupi. Baada ya majani ni mawe. Na baada ya mawe ni barafu. Ninyi mkaao Beni na Mutwanga mwaufahamu mpango huo, kwa maana mwauona mlima Ruwenzori, wenye kilele cha Margherita cha mita 5,109. Lakini tofauti ipo. Kwetu, karibu na mstari wa ikweta, baridi huja kila usiku na jua hurudi kila asubuhi, mwaka mzima. Huko Alpi theluji hufunika nchi miezi mingi mfululizo, na mmea hupata majuma machache tu ya kiangazi ili utoe majani, uchanue na kuzaa mbegu. Ndiyo sababu juu ya Ruwenzori twaona lobelia na senesio zirefukazo kuliko mtu, lakini juu ya Alpi twaona mimea isiyofika kimo cha kidole.

Kati ya mimea hiyo mifupi, ile ya ajabu zaidi ni mimea ya takia. Takia ni mto mnene wa kuegemea, nayo imeitwa hivyo kwa umbo lake. Ukiutazama mmea wa namna hiyo, waona kitu kama nusu ya chungwa, au kofia ya kijani iliyowekwa juu ya jiwe. Ukiubonyeza kwa kidole, hauingii ndani upesi. Ni vitawi vingi, mamia kwa mamia, vyote vimefupika na kubanana, kila kimoja kikiwa na vijani vidogo nchani. Na hakuna kitawi kitakacho kulipita jirani yake. Siku zake zikifika, takia lote hujaa maua, hata majani yasionekane tena.

Wanafunzi wa Kilatini watafurahi kusikia majina yake. Mmoja huitwa Silene acaulis, yaani Silene isiyo na shina. Maua yake ni ya rangi ya waridi, nayo huanza kuchanua upande wa kusini wa takia, maana huko Ulaya jua huelekea kusini. Jamii nyingine huitwa Saxifraga, yaani mvunja jiwe, kwa kuwa huota katika nyufa za miamba, mtu akadhani ndiyo iliyoipasua. Wengine ni Androsace helvetica, wenye maua meupe, na Eritrichium nanum, wenye manyoya kama sufu na maua ya buluu kama mbingu baada ya mvua. Mwaka 2011 mtaalamu Christian Körner alieleza kwamba Saxifraga oppositifolia ilionekana ikiota mahali palipo zaidi ya mita 4,500, karibu na kilele cha mlima Dom nchini Uswisi. Kimo hicho ni kama cha Karisimbi yetu, wenye mita 4,507. Lakini huko Uswisi baridi ni kali kupita sana.

Je, kimmea kidogo hivi chaishije mahali ambapo mti hauwezi? Umbo lake ndilo nyumba yake. Upepo mkali hupita juu ya takia kama maji yapitavyo juu ya jiwe laini la mtoni. Ndani ya takia hewa imetulia. Jua likiangaza, ndani mwake mwaweza kuwa na joto kuliko hewa ya nje kwa digrii 10 na hata zaidi. Majani yaliyokufa hayapeperuki. Hubaki ndani, huoza polepole, huwa udongo wa mmea wenyewe na sifongo ya kuwekea maji. Chini yake mzizi hushuka kati ya mawe, pengine hata mita moja, kutafuta unyevu usiokauka. Kwa hiyo mmea ule wa kimo cha sentimita tano wafanana na mtu mwenye kibanda kidogo na kisima kirefu.

Tena haufanyi haraka. Katika Alaska, nchini Marekani, wataalamu waliopima mimea ya Silene acaulis walikadiria kwamba iliyo mikubwa imeishi zaidi ya miaka 300. Basi mtu akiung'oa mmea mmoja kwa dakika moja ili aupeleke nyumbani, pengine ameng'oa kazi ya karne tatu. Tena mzizi ule mrefu hukatika, na mmea hufa njiani.

Katika watu waliotambua mapema hatari hiyo alikuwamo padri mmoja. Jina lake Pierre Chanoux, mzaliwa wa nchi ya Aosta, Italia. Tangu mwaka 1860 alikuwa mkuu wa nyumba ya kupokea wasafiri katika njia ya mlimani iitwayo Petit-Saint-Bernard, kati ya Italia na Ufaransa. Wapita njia waliokuwa wakipambana na theluji walipata hapo moto, chakula na mahali pa kulala. Padri huyo aliipenda sana mimea ya mlima wake, akasikitika alipoona ikichumwa na kung'olewa ovyo. Mwaka 1897 bustani yake ikafunguliwa hapo njiani, mita 2,170 juu ya bahari, ili mimea ya milimani ilindwe na kujifunzwa. Ikaitwa Chanousia kwa jina lake. Alifariki mwaka 1909, na wengine wakaiendeleza, hata mimea ya milima ya nchi nyingi ikapandwa humo. Kisha vikaja Vita vya Pili vya dunia. Majeshi yalipigana mpakani hapo, na bustani ikaharibika. Kwa muda wa miaka 30 hivi ilibaki magofu. Katika miaka ya 1970 Waitalia na Wafaransa, ambao baba zao walikuwa wamepigana mahali pale pale, waliungana kuifufua, na hata leo wageni huitembelea wakati wa kiangazi.

Padri Chanoux alikuwa na bahati moja kubwa: bustani yake ilikuwa kwao mimea yenyewe. Hewa ni ile ile, theluji ni ile ile. Lakini watu wa miji ya chini nao walitaka kuona maua hayo milangoni mwao. Walipoyaleta Uingereza na kwingineko, wakayapanda kama walivyozoea kupanda kabichi na waridi. Walilima shimo, wakatia udongo mweusi na samadi nzuri, wakamwagilia maji asubuhi na jioni. Mimea ikashangilia. Ikarefuka, ikanenepa, takia likalegea kama godoro lililopasuka. Majira ya baridi yalipofika, ikaoza katikati, ikafa.

Wenye mimea wakasema: Imekufa kwa baridi. Lakini hiyo haikuwa sababu. Juu ya mlima baridi ni kali zaidi, wala mimea haifi. Theluji huifunika kama blanketi. Chini ya blanketi hiyo hakuna upepo, baridi haizidi sana, na maji yamegandishwa, hayawezi kuozesha kitu. Huko bondeni, kinyume chake, majira ya baridi ni mvua, ukungu, barafu kidogo, kisha mvua tena. Maji husimama kwenye shingo ya mmea, majani ya ndani hayakauki, kuvu ya kijivu huingia. Aidha udongo wenye mbolea nyingi umekwisha kuufanya mwili wa mmea kuwa laini na mzembe, usio na nguvu ya kushindana. Baridi kavu mmea waivumilia. Baridi ya majimaji juu ya shibe ndiyo iuuayo.

Mtu aliyelihubiri somo hilo kwa sauti kubwa alikuwa Mwingereza Reginald Farrer, aliyezaliwa mwaka 1880 na kukaa Clapham katika Yorkshire. Alitoa kitabu chake juu ya bustani ya mawe mwaka 1907, na kingine kikubwa mwaka 1919. Mwaka uliofuata alikufa Burma, akiwa katika safari ya kutafuta mimea. Yeye alifundisha kwamba bustani ya mawe si chungu ya mawe yaliyochomekwa udongoni kwa pambo. Mawe yana kazi: kupitisha maji, kupoza mizizi, kuwasha joto la jua juu na kuweka unyevu chini. Akasifu kitalu ambacho changarawe ni nyingi kuliko udongo, mfano wa vifusi viachwavyo na barafu mlimani.

Matajiri wengine walifanya makubwa. Huko Henley, Uingereza, bwana mmoja jina lake Frank Crisp alijenga katika bustani yake mfano wa mlima Matterhorn, kwa mawe ya maelfu ya tani. Lakini haikuwalazimu watu wote kufanya hivyo. Katika miaka ya 1920 muuza mimea Clarence Elliott alianza kukusanya mahori ya zamani ya mawe, ambamo nguruwe na farasi walikuwa wakilishwa, na ambayo wakulima hawakuyataka tena. Akayajaza changarawe na udongo kidogo, akapanda humo mimea midogo ya milimani. Watu wakaona kwamba mlima mzima waweza kukaa katika hori moja, na hori kukaa mlangoni pa mtu asiye na shamba. Mwaka 1929 wapenzi wa mimea hiyo waliunda chama chao Uingereza, na mwaka 1933 wenzao wa Scotland wakaunda chao. Vyama hivyo vipo hata leo.

Sasa tueleze kazi yenyewe, jinsi watunzaji hao waifanyavyo.

Hori liwe na kina cha sentimita 15 au zaidi, nalo litobolewe matundu chini, kwani hori lisilo na tundu ni kisima, si bustani. Huwekwa juu ya mawe mawili au matofali, ili maji yatoke na hewa ipite. Kwa kuwa mahori ya zamani sasa ni adimu na ghali, wengi hujitengenezea kwa kuchanganya kipimo kimoja cha saruji, kimoja cha mchanga na viwili vya mboji iliyokaushwa. Mchanganyiko huo humwagwa kati ya maboksi mawili, moja ndani ya jingine, kuta zikiwa na unene wa sentimita tano hivi. Ukikauka, wafanana na jiwe, lakini ni mwepesi zaidi.

Udongo nao huchanganywa kwa ubahili. Nusu, au zaidi ya nusu, ni changarawe na mchanga mkali. Iliyobaki ni udongo wa kawaida na mboji ya majani. Samadi haitiwi kabisa. Mawe machache huzikwa sehemu kubwa ya mwili wake, yaonekane kama kichwa cha mwamba utokao ardhini. Mmea hupandwa ukibanwa kati ya mawe, mizizi ikinyoshwa chini. Kisha juu ya udongo wote, hasa chini ya shingo ya mmea, hutandazwa vipande vya mawe kwa unene wa sentimita mbili au tatu. Tabaka hilo ndilo mkeka wa mmea: takia hulala juu ya mawe makavu, wala haligusi tope.

Wacheki wamekuwa mabingwa wa njia nyingine. Wao husimamisha mawe bapa wima, moja karibu na jingine kama kurasa za kitabu, na katika nyufa nyembamba hutia mchanga na udongo kidogo. Mmea hupandwa katika ufa. Juu ni pakavu, lakini mzizi hushuka kati ya mawe mpaka kwenye unyevu wa chini. Wengine huchukua jiwe la tufa, ambalo ni chokaa laini yenye vishimo vingi, wakalitoboa tundu la upana wa kidole gumba, wakaingiza humo mche mchanga. Mmea utakula nini ndani ya jiwe? Utakula kidogo, na kwa ajili hiyo utabaki mfupi na mgumu, kama ulivyo kwao.

Maji hupewa wakati wa kukua, nayo humwagwa kando, si juu ya takia. Majira ya baridi yakikaribia, mimea yenye manyoya, kama ile Eritrichium, huwekewa kipande cha kioo juu yake, pande zikiachwa wazi. Angalieni vema: kioo hicho hakizuii baridi hata kidogo. Chazuia mvua tu.

Mbegu zao pia zataka kutendewa kama mlimani. Hupandwa wakati wa baridi, na vyungu huachwa nje katika theluji na jalidi. Mbegu nyingi za aina hiyo hazioti mpaka zimeonja baridi. Ukiziweka karibu na moto kwa kuzihurumia, zitalala tu. Masika yakija, vichipukizi hutokea vidogo kama kichwa cha sindano. Ili takia liwe na upana wa kiganja, mtunzaji hungoja miaka mingi. Watu wengi waliopanda wakiwa na nywele nyeusi huona takia limejaa wakiwa na mvi.

Kwa nini basi kuhangaika hivyo kwa ajili ya mmea usioliwa wala kutibu? Sababu moja ni uzuri wake, na uzuri si kitu cha kudharauliwa. Lakini sababu nyingine ni nzito zaidi. Zamani wapenzi wa maua waliijaza mikoba kwa mimea iliyong'olewa mlimani. Siku hizi vyama vyao hugawiana mbegu kila mwaka, ili mlima usiibiwe. Hata hivyo hatari mpya imekuja. Dunia yapata joto. Mwaka 2018 wataalamu waliokagua vilele 302 vya milima ya Ulaya walieleza kwamba mimea ya chini inapanda kuelekea vileleni kwa kasi inayozidi. Mmea mrefu ukifika penye mmea wa takia, huutia kivuli, na mmea wa takia hauwezi kuishi kivulini. Kimbilio lake lilikuwa mahali ambapo wengine hawawezi kukaa. Nao wengine wakianza kuweza, wenyewe utakwenda wapi? Juu ya kilele hakuna mlima mwingine. Nasi tusidhani kwamba habari hiyo ni ya Ulaya tu. Barafu ya Ruwenzori, aliyoikuta mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duki wa Abruzzi, alipopanda vilele vyake mwaka 1906, sehemu kubwa imekwisha kuyeyuka.

Hori la mawe halitaokoa milima, hilo twalijua. Lakini mtu aliyetunza mmea mmoja wa takia kwa miaka 20 hataung'oa mwingine mlimani, naye atawafundisha watoto wake wapite kando yake. Padri Chanoux alianza na kiasi hicho: kitalu kimoja kando ya njia yenye theluji.

Na ninyi wazazi na walimu, msomapo haya, mwaweza kuona kwamba habari ya udongo ni ya malezi pia. Wako watoto wanaokosa chakula, sabuni na kitabu. Hao wapewe, tena bila kuchelewa, wala mtu asitumie mfano wa mmea ili kuwanyima. Lakini yuko na mtoto ambaye hapewi nafasi ya kuchota maji mwenyewe, wala kushindwa hesabu na kuirudia, wala kungojea kitu anachokitamani. Mwili wake wanenepa, mzizi wake haushuki. Siku ya mvua kubwa twaulizana: mtoto huyu amepatwa na nini, naye tulimpa yote? Watunzaji wa mimea ya takia nao waliulizana vivyo hivyo miaka mingi, wakilaumu baridi.

Kwa hiyo, kabla ya kumwagilia, tutazame kwanza kitu tunachokitunza kimetoka wapi na kimeumbwa kwa ajili ya nini. Mgomba wataka samadi, upewe samadi. Mmea wa takia wataka mawe, jua na subira, upewe hivyo. Anayeipa mimea yote chakula kimoja bado hajaijua, ingawa aipenda.